Yaya wa Mazatlán

Naftali Ombati alifungua mlango akiwa amevaa kaptula. Nje ya nyumba yake pale Champlin, jimboni Minnesota, theluji ya Machi ilikuwa imerundikwa kando ya njia ya gari hadi kiunoni, imechafuka, haina haraka ya kuyeyuka, na bado mzee alisimama kizingitini na miguu yake mitupu kama mtu anayesubiri kuitwa ufukweni.

"Karibu, Madam. Viatu uache tu hapo, carpet ni mpya."

Kemunto Nyakundi akaviacha. Alikuwa mpelelezi wa kaunti, kitengo kinachopokea malalamiko kuhusu wazee na wagonjwa wanaotunzwa na watu wengine. Kabla ya hapo alikuwa nesi kwa miaka kumi na moja, na kutoka kazi zote mbili alijifunza kwamba mtu akishaona soksi zako hakuogopi sana. Za leo zilikuwa na tundu dogo kwenye kidole gumba, jambo ambalo hakulipanga, lakini halikudhuru.

Faili lililokuwa mkobani mwake lilikuwa jembamba. Naftali, nesi mstaafu, kila Januari alikusanya watu wa kanisa lake wakaenda kukimbia baridi huko Mazatlán, mji wa pwani ya Meksiko, na kurudi Machi. Mwaka huu wa 2017 walikwenda tisa, Wakenya watano na Wakongo wanne. Kwa kuwa baadhi yao walikuwa wazee wenye maradhi, walimchukua mtunzaji, msichana wa Kikongo aitwaye Héritière Bagalwa, umri miaka ishirini na sita, aliyebakiza muhula mmoja kumaliza chuo cha unesi. Wiki ya sita mmoja wa wazee, Ildephonse, akatapika damu. Alikuwa na vali ya chuma moyoni, na kwa ajili yake alikunywa dawa ya kuzuia damu isigande, kidonge kimoja kila siku. Hospitali ya kule walipompima walikuta damu yake imekuwa nyepesi kupita kiasi. Mtu alikuwa akimzidishia.

Kikundi kizima kilimnyooshea kidole Héritière, na aliyenyoosha kuliko wote alikuwa Bernardine, dada wa mgonjwa. Kesho Ijumaa, saa tatu asubuhi, Kemunto alitakiwa kukabidhi ripoti. Ikisema msichana ana hatia, jina lake lingeingia kwenye orodha ya watu wasioruhusiwa kumgusa mgonjwa popote katika jimbo, na hapo unesi ungekuwa umeishia njiani.

Naftali alileta chai ya maziwa, akakaa, akatoa simu. Alikuwa na picha mia nne.

"Hii ni rooftop. Hapa ndio tulikuwa tunafanya devotion kila asubuhi. Hii ni malecón, hiyo njia ya kando ya bahari, unatembea mpaka unachoka. Hii sasa ni pulmonía."

"Pulmonía ni nini?"

"Ni taxi yao. Haina milango, iko wazi hivyo. Maana yake ni nimonia. Sasa fikiria ma-nurse wanne wastaafu wamepanda nimonia. Tulicheka mpaka driver akasimamisha gari akidhani kuna mgonjwa."

Kemunto alicheka pia, kwa dhati, kisha akafungua daftari lake.

"Mlikuwa mnakula nini, Mzee?"

"Samaki. Samaki sana. Ugali tulijaribu na unga wao, ule wa kupika chapati zao za mahindi, unatiwa chokaa. Ulikataa kushikana. Mama Bernardine alilia machozi, nakwambia ukweli."

"Mboga za majani je?"

"Sukuma hakuna. Sombe, yale majani ya muhogo ya Wakongo, hakuna. Kabeji kidogo."

Kemunto akaandika. Mgonjwa anayekunywa dawa ile akiacha mboga za majani ghafla, damu yake huzidi kuwa nyepesi. Aliipima hoja hiyo kichwani na kuona haitoshi. Kukosa sukuma kungekipandisha kipimo cha wepesi wa damu kwa kiasi fulani, pengine kutoka tatu hadi nne. Cha Ildephonse kilifika nane.

"Dawa zake zilinunuliwa wapi?"

"Zilitoka hapa, zote."

"Hakuna aliyenunua nyingine kule?"

Naftali aliiweka simu mezani. "Mimi nilinunua zangu za pressure kwa farmacia. Huko hawakuulizi hata karatasi ya daktari. Lakini za mzee, hapana. Niliuguza watu miaka thelathini, Madam. Siwezi kuchezea blood thinner."

"Naomba nione hizo zako."

Mzee hakupenda, ila aliinuka akaenda kuzileta. Zilikuwa boksi mbili, moja imefunguliwa. Kemunto alisoma majina, akahesabu vidonge, akavirudisha. Zilikuwa za shinikizo la damu kweli. Mlango huo nao ukafungwa, na hakuona sababu ya kuurudia.

"Sasa lile daftari la mzee Ildephonse."

Hapo Naftali alichangamka. Ildephonse, kabla ya vita kumtoa Bukavu, alikuwa karani wa shule, na tabia ya kuandika ilimkaa. Kule Mazatlán aliandika kila siku alichokula, alikotembea na dawa aliyokunywa. Naftali alipiga picha kurasa sita, na kurasa hizo sita ndizo zilizokuwa moyo wa kesi yote.

Alisoma kwa sauti, polepole, kama anayesoma kanisani. "'Asubui yaya amenipatiya kinini na chayi.' Siku ya pili, 'Asubui yaya amenipatiya kinini.' Kinini ni kidonge, hivyo ndio Wakongo wanasema. Iko hivyo siku sita mfululizo. Na yule msichana kwa karatasi yake amejaza nini? Evening tu. Kwa hivyo alimpa asubuhi, akampa jioni, akaandika moja. Sijui alisahau ama alikuwa kwa simu, lakini hiyo ni double dose."

"Na yaya ni nani?"

"Si ni yeye? Tulikuwa tunamwita hivyo. Mimi ndio nilianza. Yaya wa wazee. Hata kwa group ya WhatsApp iko."

"Yeye alifurahi kuitwa yaya?"

"Ilikuwa joke, Madam."

Hoja ya Naftali ilikuwa ndiyo hoja ya Kemunto mwenyewe. Siku kumi na mbili zilizopita, Ildephonse alipohamishiwa kwenye nyumba ya wagonjwa huko Oakdale, Kemunto alikwenda kukaa kando ya kitanda chake. Mzee alikuwa dhaifu, masikio mazito, anajibu neno moja moja. Alimuuliza ni nani aliyekuwa akimpa dawa asubuhi. Mzee akasema, "Yaya." Akamuuliza tena, akasema vilevile. Kemunto, mtoto wa Kisii aliyelelewa na mayaya watatu, aliandika kwenye faili: mtunzaji.

"Ulipiga picha daftari lote?"

"Hizo pages za muhimu."

"Za muhimu kwa nani, Mzee?"

Naftali alikunywa chai yake.

*

Simu iliita akiwa bado anawasha gari. Alikuwa Chepkemoi, nesi wa zamu kule Oakdale, ambaye Kemunto alimwomba ampigie kila kipimo kikitoka.

"Habari si nzuri. Leo ni nne nukta tisa."

Kwa mgonjwa kama Ildephonse namba hiyo ilitakiwa ikae kati ya mbili na nusu na tatu na nusu. Kemunto alizima redio.

"Jumatatu ilikuwa ngapi?"

"Tatu nukta nane. Na siku alipoletwa kutoka hospitali, mbili nukta sita. Inapanda tu."

"Mmebadilisha dawa yoyote? Antibiotic?"

"Hakuna. Chakula ni kile kile. Daktari amesema tupime tena kesho."

"Nenda kahesabu vidonge vyake. Nakungoja."

Alingoja. Mvuke wa pumzi yake ulifunika kioo, akaufuta kwa mkono wa koti. Baada ya dakika nne Chepkemoi alirudi.

"Viko sawa. Hakuna kilichozidi kutoka, na kila jioni kuna sahihi. Anapewa saa kumi na mbili, kimoja."

"Héritière amefika huko?"

"Yule? Jina lake liko reception na alama nyekundu. Hata parking hawezi kuingia."

"Nani anamtembelea?"

"Wa kanisa walikuja Jumapili, wakaomba, wakaenda. Otherwise ni sister yake tu. Anakuja kila asubuhi na thermos ya uji, anamlisha mwenyewe, anaenda after lunch. Hata sisi tunampenda."

Kemunto alishukuru akakata simu. Hakuondoka mara moja. Msichana alikuwa amezuiwa wiki tatu asimkaribie mzee, na damu ya mzee ilikuwa ikifanya tena kilekile ilichofanya Mazatlán. Basi ama nyumba ile ya Oakdale ilikuwa na kosa lake, na hesabu ya vidonge ilikataa, ama mkono uliomzidishia dawa ufukweni ulirudi naye Minnesota. Hilo la pili lilimtisha, kwa sababu nne nukta tisa leo ingeweza kuwa sita keshokutwa, na tumbo lililotoka damu mara moja halihitaji kubembelezwa sana litoke tena.

Ila daftari lilisema yaya. Mzee mwenyewe alisema yaya. Akaelekea New Hope kumtafuta yaya.

*

Héritière aliishi ghorofa ya pili ya majengo ya kupanga, katika chumba kilichokuwa safi kama cha mtu asiye na mahali pa kwenda. Nguo zilizokunjwa zilijaa kochi lote. Aliziweka sakafuni ili mgeni akae, na yeye akabaki amesimama.

"Ripoti ni kesho, Madame," alisema. "Umekuja kuniambia mbele ya wakati?"

"Nimekuja kuuliza. Kaa, tafadhali."

Alikaa. Kemunto alimpa karatasi yake mwenyewe ya dawa, ile aliyoijaza Mazatlán siku arobaini na moja bila kuruka hata moja.

"Umeandika saa kumi na mbili jioni. Kwa nini jioni?"

"Kwa sababu daktari alibadilisha. Mbele, mzee alikuwa anakunywa asubui. Mwezi wa kumi na mbili daktari akasema sasa ni mangaribi, ikaandikwa kwa chupa. Nilifwata chupa."

"Nani mwingine alijua kwamba imebadilishwa?"

"Niliwaambia wote, siku ya kwanza, pale juu ya nyumba. Lakini pale juu watu walikuwa wanangalia bahari. Muntu anatoka kwa baridi ya hapa, anaona bahari, atakusikiliza wewe na chupa?"

Kemunto akaandika. "Asubuhi ulikuwa wapi?"

"Na mama mwengine, ule wa sukari. Nilikuwa namupima, namupiga sindano, saa moja mpaka saa mbili. Mzee Ildephonse asubui alikuwa na dada yake. Waliketi pamoja, wanakunywa chayi, wanasema mambo ya zamani. Sikuwaingilia."

"Daftari linasema asubuhi ulimpa kidonge."

"Nimeambiwa. Sijaliona. Kila muntu ameona ile daftari, miye hapana." Sauti yake haikupanda. "Unajua kitu kinaniuma, Madame? Siyo chuo. Kinaniuma kwamba mzee ameandika uongo juu yangu, na alinipenda. Jumatatu ni siku ya mwisho ya kujiandikisha kwa ule muhula. Nikikosa, ni mwaka. Nikiandikwa kwa ile liste yenu, ni basi. Lakini usiku, hiyo ya mzee njo inanizuia kulala."

Kemunto alimwonea huruma waziwazi na hakujaribu kuificha.

Mlango ukafunguliwa bila kugongwa. Aliingia msichana mwingine aliyefanana na Héritière kwa paji na kidevu, amevaa nguo za kazi za hospitali chini ya koti zito, anapiga buti zake kwenye zulia la mlangoni.

"Yaya, gari ya nani imefunga parking yangu?"

"Ni ya Madame. Salimia kwanza."

"Bonjour, Mama. Samahani." Huyo alikuwa Reine, mdogo wake, akitoka zamu.

Kemunto alikuwa ameinua kalamu kuendelea. Akaiteremsha.

"Mna yaya hapa nyumbani?"

Wasichana wakatazamana.

"Amekuita yaya," Kemunto alimwambia Héritière. "Naye umemwambia hizo habari za Naftali? Ile joke yao?"

"Joke gani?" Reine aliuliza.

"Yaya ni miye kwa sababu niko mukubwa wake," Héritière alisema. "Kwetu ukubwa ni yaya. Kaka mukubwa ni yaya, dada mukubwa ni yaya. Ningekuwa mwanaume angeniita vile vile."

"Na anayelea watoto wa watu nyumbani, mnamwitaje?"

"Ule ni bonne."

"Hamumwiti yaya?"

"Kwa nini tumuite yaya? Alizaliwa mbele yetu?" Reine alianza kucheka, kisha akaona uso wa mgeni, akaacha.

Kemunto alitoa failini picha sita za kurasa akazipanga juu ya kochi, palepale zilipokuwa nguo. "Mzee Ildephonse alikuwa anakuitaje wewe?"

"Héritière. Siku ingine, binti."

"Hata mara moja hakukuita yaya? Hata kwa utani?"

"Madame, ana myaka sabini na moja."

Héritière aliinama juu ya picha. Ilikuwa mara ya kwanza kuyaona maandishi hayo. Alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, kidole kikifuata mstari. Katika wa tatu kidole kilisimama.

"Siyo miye," alisema taratibu. "Hajaandika miye hata fasi moja."

Kisha akakaa chini sakafuni na kulia, na Reine, ambaye bado alikuwa na koti, akakaa kando yake akamshika. Kemunto alizikusanya picha. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Miaka sita ya upelelezi, na alikuwa amemuuliza mzee swali zuri, akapewa jibu sahihi, akaliandika visivyo.

*

Barabara ya Oakdale ilikuwa kavu, akaendesha upesi kuliko kawaida yake. Alifika mzee akiwa amelala, mdomo wazi kidogo, na Bernardine ameketi karibu na kitanda na thermos mapajani. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini na minane, mkavu, amefunga kitambaa vizuri, mgongo wima. Kibakuli cha uji kilikuwa kimekwisha.

"Karibu, mwanangu. Amekula leo. Amekula yote."

"Nashukuru, Mama Bernardine. Lile daftari lake lipo?"

"Liko kwa droo. Analitaka karibu hata kama haandiki. Miye sijui kusoma, lakini sikubali wamupotezee."

Kemunto alilitoa. Kila siku ilikuwa na kurasa mbili, asubuhi kushoto, jioni kulia. Naftali alikuwa amepiga za kushoto. Akasoma ya kulia ya siku ileile ya kwanza: *Mangaribi Héritière amenipatiya kinini. Bahari ilikuwa kimya.* Akafunua siku iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Jioni zote lilikuwepo jina la msichana, limeandikwa na alama zake za Kifaransa juu ya herufi, bila kukosea.

"Mama, naomba nikusomee kitu, halafu uniambie ni nani." Akarudi kushoto. "'Asubui yaya amenipatiya kinini na chayi.'"

Uso wa Bernardine ulilainika. "Ameandika ile?"

"Yaya ni nani?"

"Ni miye. Hana mwengine. Tulikuwa saba, tumebaki wawili."

"Na hiyo kinini ni ipi?"

Bernardine aliuvuta mkoba wake, sakoshi nyeusi yenye zipu, akatoa kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani mlikuwa na vidonge vitano vya rangi ya pichi. Kemunto alivijua bila kuvigeuza. Aliwahi kuvigawa miaka kumi na moja.

"Ya moyo," Bernardine alisema. "Daktari wa kwanza aliniambia, mama, siku moja isipite bila hii. Myaka kumi na ine haijapita. Hapa wanamupatia vitu vingi mangaribi, lakini asubui hakuna muntu anamupatia. Nilingoja, nikaona hakuna. Basi naleta yetu."

"Leo umempa?"

"Ndani ya uji."

"Nisubiri, Mama. Narudi sasa hivi."

Alitoka hadi meza ya manesi akamweleza Chepkemoi kwa maneno machache, na Chepkemoi akashika simu ya daktari kabla hajamaliza. Kidonge cha jioni kingezuiwa, damu ingepimwa tena mchana huohuo. Kemunto aliporudi chumbani alivuta kiti akakaa ana kwa ana na Bernardine, akamweleza yote, bila kuharakisha na bila kupunguza. Kwamba dawa ilihamishwa kutoka asubuhi kwenda jioni. Kwamba Héritière alitoa kimoja, kama alivyoagizwa.

"Miye pia nilimupatia moja," Bernardine alisema. "Moja tu."

"Najua. Kila mmoja wenu alimpa kimoja."

Bernardine alimtazama mdogo wake, akakitazama kibakuli.

"Naftali aliniambia ndugu yangu ameandika ni ule msichana," alisema mwishowe. "Alisema, ni msichana wa kazi. Nikasimama kanisani nikasema mbele ya watu, huyu alitaka kuua ndugu yangu."

Kemunto alitoa fomu ya maelezo. "Nitaandika ulichoniambia, utie jina lako hapa. Lakini lazima ujue. Ukishatia jina, na hapa Oakdale itaandikwa. Hutampa tena kitu chochote kwa mkono wako, hata uji, mpaka nesi aone. Hutaachwa naye peke yako."

"Na nisipotia?"

"Nitaandika ninachojua mimi. Kesho Naftali ataleta picha zake, atasema nimeelewa vibaya lugha yenu. Sijui watamwamini nani."

"Nilimubeba mgongoni huyu, akiwa mtoto," Bernardine alisema. "Kutoka kwa wazazi hadi kwa barabara, siku mbili. Sasa nesi aangalie uji wangu." Akaisukuma fomu pembeni, si kwa hasira. "Nipe telefone kwanza. Nataka nisikie kwa kinywa ya ule mtoto."

Kemunto alipiga, akaweka sauti ya juu, akaishika simu katikati yao. Iliita mara mbili.

"Héritière. Ni Mama Bernardine."

Upande wa pili maji ya bomba yalifungwa.

"Ile kinini ya moyo, ulikuwa unamupatia mangaribi?"

"Ndiyo, Mama. Moja."

"Na asubui?"

"Asubui hapana."

"Asubui ni miye," Bernardine alisema. "Ni miye nilikuwaka namupatia. Sikujua. Nimekuharibia jina na sikujua."

Walisikia pumzi, na mlango ukifungwa mahali fulani kule New Hope.

"Ya leo ulimupatia?" Héritière aliuliza.

"Ndiyo."

"Infirmière, nesi wa pale, anajua?"

"Sasa anajua."

"Zingine ziko wapi?"

"Kwa nyumba. Iko chupa nzima, ile ya zamani ya asubui."

"Usizikamate tena, Mama. Na usizitupe kwa choo. Nitakuja kuzichukua."

"Utakuja siku gani?"

"Leo. Sina kazi, Mama."

Hakusema kwa ubaya. Alisema tu, kama mtu anayetaja saa. Bernardine alibaki ameitazama simu hata baada ya taa yake kuzimika. Ildephonse aligeuza kichwa upande wa pili, bado amelala, na dada yake akanyoosha mkono kumfunika bega, akaurudisha, akamtazama Kemunto kama anayeomba ruhusa. Kemunto akaitikia kwa kichwa. Akamfunika.

"Lete ile karatasi," Bernardine alisema.

Jina lake alijua kuliandika, ndilo neno pekee alilojua. Aliliandika lote, herufi moja baada ya nyingine, na Kemunto hakumharakisha.